Pareto Iliyoshika Punje

Punje ya saba ilikataa kuvunjika.

Enesia Tweve alikuwa amezitia sita za kwanza kati ya meno ya mbele, moja baada ya nyingine, na zote zikasagika kama pumba, bila sauti, bila ladha. Ndivyo zinavyotakiwa ziwe. Miaka kumi na tisa alikuwa akikagua maua ya pareto pale Masilule, nyumba hadi nyumba, na katika miaka yote hiyo ni mara moja tu aliwahi kukutana na punje iliyobisha. Na hii ya leo ikabisha. Alipoiuma, ikasimama. Alipoiuma tena ikapasuka, ikatoa tone dogo la mafuta, na ncha ya ulimi ikafa ganzi.

Akaitemea kiganjani. Ganda la kahawia lenye mbavu tano, na ndani yake kiini cheupe, kimejaa.

"Umekuta mawe humo?" aliuliza Bibi Tasiana Swalo, mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi. "Au meno yamechakaa? Waambie wa Kituo wakuletee mengine. Wao si wanatengeneza kila kitu?"

"Bibi, hili ua limetoka shina lipi?"

"Shina ni shina. Kwani nchi hii ina mashina mawili?"

Hapo ndipo penyewe. Hayakuwepo mawili.

Zamani, bibi zake Enesia walilima pareto ya kuchuma kwa mkono, wakaianika kwenye mikeka na kuipeleka kusagwa iwe dawa ya wadudu. Kisha baridi ya milimani ikapungua mwaka hadi mwaka, mbu wakapanda kutoka mabondeni, na homa waliyokuja nayo haikusikia kidonge. Ilianza kwa wajawazito na watoto. Makaburi ya miaka ile mpaka leo yako pembeni mwa kanisa, mafupi mafupi, yamepangana kama matuta ya viazi. Ndipo watu wa Kituo cha Maua wakaleta pareto isiyohitaji kuchumwa. Majani yake ni yaleyale ya kijivu yaliyochanika chanika, ua lake ni lilelile jeupe lenye kitovu cha njano, ila hii inapumua. Kukicha na jua linapotua, vichwa vyake vinatoa pumzi kali ya dawa, na kila mdudu apitaye humo anaanguka. Kila nyumba ikazungukwa na uzio wa maua hayo, mistari mitatu, bila pengo. Watoto wakaacha kufa.

Pareto hiyo ilitengenezwa shina moja tu. Lakini pareto haina uchoyo: ling'oe shina kuukuu, lichane kwa mikono, utapata vichipukizi kumi au kumi na tano, kila kimoja na mzizi wake. Basi watu wakachana, wakagawana, wakapeana. Ikawa desturi bibi harusi hatoki kwao bila kikapu cha vichipukizi vya uzio wa mama yake, na kikapu hicho hafungui mtu mwingine, hata mkwe, hata mkaguzi. Kukifungua ni kumtukana mama wa watu.

Na maua hayo hayakuzaa. Ua la pareto ukiliona ni moja, kumbe si moja. Yale meupe ya pembeni kila moja ni ua, na kile kitovu cha njano ni maua madogo mamia, yamebanana kama watu kwenye ibada ya Pasaka, na kila dogo lina punje yake chini. Lakini pareto haipokei vumbi la uzazi la maua yake yenyewe. Haipokei hata vumbi la nduguye aliyechanwa naye shina moja. Inataka mgeni. Na kwa kuwa milima yote sasa ilikuwa ndugu wa shina moja, punje zote zilikuwa makapi. Tena hata kama mgeni angekuwepo, nani angembeba? Nyuki walikufa pamoja na mbu. Maboga ya Masilule yalipandishwa kwa mkono, kwa unyoya wa kuku, ua kwa ua.

Kwa hiyo punje iliyojaa ilisema mambo mawili: kuna pareto nyingine, na kuna nyuki.

Sheria ya Kituo ilikuwa fupi. Penye punje nzito, kila jani la pareto linachomwa hatua mia mbili kila upande, uzio upandwe upya. Enesia aliwahi kuripoti punje kama hiyo, kwa Lukasi Ilomo, mwaka wa tatu wa kazi yake. Wakachoma. Vichipukizi vipya vikachukua miezi mitano kuanza kupumua. Lukasi alizika watoto wawili katika miezi hiyo, na mpaka leo wakikutana njiani anamsalimia vizuri tu, "Kamwene, mama," na hilo ndilo linalomuua Enesia.

"Bibi," alisema, "nisaidie nisije nikakufanyia ubaya."

Bibi Tasiana akatua kisu.

"Jua likishakuwa kali twende nikakuonyeshe. Sasa hivi hawajatoka."

*

Walipanda hadi kwenye korongo nyuma ya shamba, mahali ambapo upepo unavuma kutoka juu kwenda chini alfajiri na jioni na hakuna pumzi ya uzio inayofika. Bibi Tasiana alikuwa na miaka sabini na mbili na alipanda kama mbuzi. Enesia alimfuata akihema.

Alisikia kabla ya kuona. Muungurumo mdogo, wa chini, kama watu wanaosali chumba cha pili. Kwenye ufa wa mwamba palikuwa na mzinga wa gogo, na mlangoni mwake nyuki wanaingia na kutoka. Enesia aliwaona mara ya mwisho akiwa msichana. Alisimama mbali, mkono mdomoni.

"Wamehamia hapa mwaka huu, wamejifunza," Bibi Tasiana alisema. "Hawatoki alfajiri, hawakai mpaka jioni. Uzio ukishamaliza kupumua asubuhi ndipo wanashuka, na kabla haujaanza tena wamesharudi. Ambao hawakujifunza walikufa. Hawa ni watoto wa wale wenye akili."

Pembeni ya mwamba yalikuwepo maua. Pareto, lakini fupi, na vitovu vidogo. Enesia aliinusa: majani yananukia, ua halipumui.

"Ya zamani?"

"Ya mama yangu. Nilipoolewa mara ya pili, tayari nina mvi, aliniwekea vichipukizi vya Kituo juu, na hivi vyake chini ya kikapu. Nani angefungua? Ulikuja wewe, umevaa fulana ya ukaguzi, ukakipita kikapu changu na heshima zako." Akacheka, meno mawili. "Nimekudanganya mwaka mzima wa kwanza, mwaka wa pili nikasahau kwamba ninadanganya."

"Bibi, hili si jambo la kucheka. Punje hizi zikidondoka, zikaota ndani ya uzio, nusu zitamfuata mama na nusu baba. Yapo yatakayopumua na yapo ambayo hayatapumua. Nani atayajua yakiwa miche? Yote kijani. Mpaka yatoe maua, mbu wameshapita."

"Najua. Sasa keti, uone na hiki."

Alitoa mfukoni kitambaa, akakikunjua. Ndani kulikuwa na mzizi wa pareto, mweusi, laini kama ndizi iliyooza. Harufu yake ilimfanya Enesia ageuze uso.

"Wa Ilindi," alisema Bibi Tasiana. "Kwa dada yangu. Uzio wote umekufa kati ya masika na kiangazi. Si nyumba moja, Ilindi nzima. Kituo wanasema eti watu walimwagilia mno. Wamezika arobaini na mmoja, Enesia. Dada yangu ni wa thelathini."

"Pole, Bibi. Habari hizo hazikutufikia."

"Hamkuambiwa. Shina moja tumelichana miaka thelathini na minne. Ugonjwa ukijua kuliua moja, umejua kuyaua yote. Unafikiri utaishia Ilindi? Ilindi ni siku mbili kwa mguu." Akaufunga mzizi tena, taratibu, kama anayevisha maiti. "Dada aliniletea mzizi huu mwenyewe, kabla hajaanguka. Nikaukata kipande, nikakizika kati ya mashina yangu manne hapa, mawili ya Kituo na mawili ya mama. Ya Kituo yameoza. Ya mama hayana habari. Sasa niambie, mkaguzi. Utachoma?"

Enesia alikuwa akimfikiria Sikujua, mkwewe, aliyekuwa nyumbani saa ile akifua, na mimba ya miezi mitano.

*

Bwana Fungo wa Kituo alikuja Alhamisi na pikipiki yake ya betri kuchukua Jicho. Jicho lilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti. Mkaguzi huliwekea kichwa kimoja cha ua kutoka kila nyumba, nalo hutazama ndani ya punje na kuandika. Enesia alikuwa ameliwekea vichwa sitini na vitatu. Cha nyumba ya Bibi Tasiana alikichuma kwenye uzio wake mwenyewe.

Haikuwa vigumu. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwamba uongo wa kwanza katika miaka kumi na tisa ulipita mkononi mwake mwepesi kama kuchuma mboga.

"Masilule hamna neno," alisema Bwana Fungo akitazama. "Makapi matupu. Safi sana, Mama Obeti. Wangekuwa wote kama wewe."

"Bwana Fungo, za Ilindi?"

Akashughulika na mkanda wa kofia. "Ilindi walimwagilia mno."

"Walimwagilia wote? Na wajane? Na wasio na ndoo?"

"Mama, wewe kagua punje. Mizizi ina wenyewe."

"Nauliza tu. Kule Kituo kuna lile shina la kwanza, si mnalo? Mama wa haya yote?"

Kijana yule, maana alikuwa kijana tu, ana miaka thelathini hivi, alizima pikipiki. Akatazama huku na huku kana kwamba viazi vina masikio.

"Lilishakufa kabla sijaajiriwa," alisema. "Tunachana ya kwenu, tunawapelekea wenzenu. Hatuna jingine. Wakubwa wanajua." Akafuta vumbi kwenye usukani. "Mimi pia nina nyumba, mama. Nina mapacha. Kila asubuhi nang'oa shina moja nitazame mizizi, mke wangu ananiuliza nimechanganyikiwa. Usimwambie mtu."

"Basi kwa nini mnachoma punje?"

"Kwa sababu ukiacha punje, watoto wanakufa mwaka huu. Ukichoma, wanakufa wa nyumba moja, waliobaki wanangoja mwaka mwingine. Na bosi anahesabiwa vya mwaka huu tu." Akawasha pikipiki. "Kwa heri, Mama Obeti."

*

Punje alizopewa na Bibi Tasiana zilijaa kijiko kimoja. Alizibeba kwenye pindo la kitenge siku tatu bila kujua pa kuziweka.

Kwenye korongo hapakuwa na nafasi, kaudongo kote ka pembeni mwa mwamba kalikuwa kameshajaa mashina ya zamani. Kwenye shamba la mtu yeyote, mwenyewe angeiona miche na neno lingefika Kituo, na zaidi ya hapo, angemweka mtoto wa nani mbele ya pengo? Wa Lukasi tena? Uzio mmoja tu haukuwa na mkaguzi, nao ni wa mkaguzi. Na katika uzio huo upande mmoja tu haukupigwa na sakitu ya alfajiri, ile barafu nyembamba inayounguza miche: upande wa mashariki, chini ya dirisha, ambapo maji ya bati hudondoka na jua hufika mapema.

Dirisha hilo lilikuwa la chumba cha Sikujua.

Miche ya punje haivumilii kivuli cha mashina makubwa. Kwa hiyo Jumatatu, Sikujua alipokwenda kliniki, Enesia aling'oa mashina yote yaliyokuwa chini ya dirisha, mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu. Akafikicha udongo kwa vidole mpaka ukawa kama unga. Akazipanda punje, akapanda na mchicha juu yake ili pasionekane peupe kutoka barabarani. Alifanya kazi hiyo vizuri, bila haraka, kama alivyofanya kila kazi maishani mwake, na alipomaliza akagundua kwamba alikuwa analia na hajui ameanza saa ngapi.

Siku ya kumi na nane miche ikatoka. Sikujua ndiye aliyeiona.

"Mama," aliita kutoka dirishani, "huu mchicha wako umeota ndevu."

Enesia alikuwa jikoni. Angeweza kusema ni magugu. Alikuja mpaka chini ya dirisha, akasimama na mwiko mkononi, na akasema yote: punje, nyuki, mzizi mweusi, Ilindi, mapacha wa Bwana Fungo. Sikujua alisikiliza, viwiko juu ya kizingiti cha dirisha, tumbo likigusa ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa maneno machache, aliyechekeshwa na vitu vidogo. Sasa hakucheka.

"Kwa hiyo hapa ni wazi," alisema.

"Ni wazi. Kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka itoe maua. Miezi minane. Tisa. Na itakayopumua tutaiacha, isiyopumua tutaing'oa, na tutakuwa na uzio ambao hauozi. Wa Masilule yote. Wa watoto wako watakaofuata..."

"Mama. Unaniambia au unaniuliza?"

Enesia alifuta mwiko kwenye pindo la kitenge.

"Maana ungeniuliza," alisema Sikujua, "labda ningekubali. Labda ningesema niende kwetu nikajifungulie, nikuache na mimea yako. Au ningesema ndiyo, hapa hapa, mtoto wangu naye si bora kuliko wa wengine. Sijui ningesema nini. Hukunipa nafasi ya kujua."

"Niliogopa utakataa."

"Ndiyo maana ya kuulizwa, mama."

Asubuhi yake alifunga mizigo. Lakini mvua ilikuwa imekata daraja la kwao, na Obeti, mumewe, alikuwa akipasua mbao huko msituni, hapatikani mpaka mwisho wa mwezi. Enesia akamwambia alale chumba cha mbele. Chumba cha mbele kilivuja. Wakarudi chumba chake, wakazungusha vitanda, wakaziba dirisha kwa magunia, na kwa siku tisa waliishi hivyo, wakipishana mlangoni kama wageni wawili kwenye nyumba ya kulala wageni.

*

Siku ya kumi, ukungu ulishuka mapema. Ilikuwa kama saa kumi na mbili jioni na uzio ulikuwa umeanza kupumua. Harufu yake kali ilizunguka nyumba pande tatu. Sikujua alikuwa amekaa kitandani akishona kofia ya mtoto. Enesia alikuwa akipepeta maharage karibu na mlango.

"Mama, ni nini hicho kinacholia?"

"Wapi?"

"Hapa. Sikioni. Kama uzi unaovutwa."

Enesia akasimamisha ungo. Maharage yalitulia. Na ndani ya utulivu huo akakisikia naye, kilio kile chembamba, kinakaribia, kinakwenda, kinakaribia tena. Miaka thelathini na minne. Mwili wake ulikijua kabla ya akili.

"Usitikisike," alisema. Akavuka chumba, akapiga makofi mara moja hewani. Akafungua viganja.

Sikujua akainama kutazama. "Huyu?" alisema. "Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?"

"Ndiye."

"Huyu ndiye amejaza pale kanisani?"

"Ndiye, mwanangu."

Sikujua akaushika mkono wa Enesia, akakichunguza kiganja chake, ile miguu mirefu iliyovunjika, tumbo lililo tupu. "Hana damu," alisema. "Alikuwa hajaniuma." Kisha akasikiliza, na Enesia akasikiliza, na kutoka upande wa dirisha lenye magunia ikaja sauti nyingine, na nyingine.

"Ing'oe, mama."

"Nikiing'oa sasa na kurudisha mashina, mizizi imekatika. Hayatapumua mpaka umeshajifungua. Pengo ni lilelile."

"Kwa hiyo hata ukijuta, haisaidii."

"Haisaidii."

Sikujua aliuachia mkono wake. Akajifunika kanga mbili, kichwa na miguu, na akageukia ukuta.

Enesia alitoka nje. Alizunguka nyumba hadi chini ya dirisha. Miche ilikuwa imetoa jani la tatu, lile la kwanza kuchanika, la kijivu, na juu ya kila moja palikuwa na tone la ukungu. Alijaribu kuinusa mmoja mmoja, akiwa amepiga magoti, kama angeweza kujua. Yote ilinukia udongo.

Akaenda kuchukua gunia, akalitandika katikati ya pengo, pale ambapo mbu hana budi kupita kabla ya kufika dirishani. Akakaa, mgongo ukielekea ukuta. Akavua sweta. Akakunja mikono ya gauni hadi mabegani, akapandisha kitenge juu ya magoti, akavua na soksi. Baridi ilimng'ata. Wazee walikuwa wakisema mbu aliyeshiba hatafuti mwingine. Hakujua kama ni kweli. Alijua tu kwamba ana damu, na kwamba mwili wake ni mkubwa na una joto.

"Mama?" Sauti ya Sikujua ilipita kwenye magunia. "Unafanya nini hapo nje?"

"Nimekaa."

"Ingia ndani, utaugua."

"Funga mlango, mwanangu. Weka na komeo."

Enesia alisikia kitanda kikilia, nyayo zikienda polepole mpaka mlangoni, zikasimama pale. Alingoja neno. Komeo likaingia.

Wa kwanza alikuja kutoka bondeni pamoja na ukungu. Alimzunguka kichwa, akashuka, akatua juu ya kifundo cha mkono wa kushoto, mwepesi hata asihisike, akainua miguu ya nyuma. Enesia hakumpiga. Aliushika mkono ule kwa mkono mwingine usije ukajivuta, akamwacha anywe, akangoja wa pili.